Afisa wa Kwenye Simu ya Herminia

Jumanne saa moja asubuhi, Herminia Tzanahua alikuwa akigeuza tortilla, chapati ya mahindi, kwenye kikaango, afisa wa serikali alipotoka ndani ya simu yake. Alitanguliza mguu, akiwa na kimo cha kidole gumba. Alipofika kitini alikuwa na kimo cha mtu mzima. Akaonyesha hati yenye mhuri wa hakimu. Sheria ya kusikiliza simu za watu ilikuwa imepita wiki ile. Wabunge walibishana siku tisa kama afisa apige hodi kabla ya kuingia kwenye simu ya mtu, wakakata shauri kwamba hodi ingeharibu kazi.

"Jifanye sipo, mama," alisema, akavuta bakuli la maharage.

Chabela, mwenzake wa msako, alipita kumchukua Herminia. Wao ni akina mama wanaotafuta watoto waliopotea milimani Veracruz, Mexico: huchomeka chuma ardhini, kisha hunusa ncha yake kama ina harufu ya maiti.

"Kumbe na wewe umeletewa! Wangu ana kikohozi, halafu anakula huyo!"

"Nyamaza, mwenzangu, anaandika."

"Aandike! Aandike pia kwamba hajaosha sahani."

Herminia hakucheka. Mwanawe Rutilo alichukuliwa na watu wenye sare miaka mitatu iliyopita. Mwanamume asiyejitaja jina alikuwa ameahidi kupiga simu Alhamisi, aseme alipozikwa. Namba yake haikuonekana, kwa hiyo hakukuwa na njia ya kumwonya. Herminia aliogopa. Aliifukia simu kwenye debe la mahindi. Afisa akatoka na punje masikioni, akaomba brashi.

Alhamisi simu ililia. Asipopokea, hatampata mwanawe. Akapokea.

"Usiseme!" Herminia alipiga kelele.

Lakini mtu yule alikuwa keshasema: kilima cha Tepeyolo, nyuma ya kisima kikavu.

"Kisima kikavu," afisa alirudia taratibu, akiandika.

Akina mama walipofika kilimani walikuta shimo jipya, kingo zimenyooka, ndani hamna kitu. Chabela akachomeka chuma, akanusa, akainamisha kichwa.

"Alikuwa hapa."

Herminia akajaza udongo ule kwenye kitambaa chake cha kichwa. Mpigaji hakupiga tena.

"Mmempeleka wapi?" Herminia alimuuliza afisa.

"Hati yangu inaniruhusu kusikiliza, mama. Kujibu, hapana."

Jumapili waliuzika udongo makaburini kwa jina la Rutilo. Afisa alihudhuria, kofia kwapani, akaandika majina ya wote waliolia.