Saa Tatu ya Sleyum

Wazo la kumnunia Sleyum lilikuwa langu, na sitamsingizia mtu. Ijumaa ile alikuwa anatimiza miaka sabini, kwa siku yake ya kweli, si ile tarehe mosi Januari waliyotuandikia sote kwenye pasi. Mama yangu aliikumbuka vizuri, kwa sababu mama yake Sleyum alifariki siku tatu baada ya kumzaa, kule Malindi, Unguja, na mama akamchukua akamnyonyesha pamoja na mimi. Ni ndugu yangu wa kunyonya. Watu wa mji huu wa Sur wanaoshangaa bibi mzima kukaa mfereji mmoja na mwanamume, hilo ndilo jibu lao.

Tunakaa botini watu watatu, kila mtu na boti yake, katika mfereji mwembamba unaoingia kutoka kwenye khor, ule mkono wa bahari. Mimi nilihamia baada ya kufiwa na mume. Sleyum alistaafu bandarini, akakataa katakata kwenda kukaa ghorofani Nizwa kwa bintiye Ahlam. Wa tatu ni Mudrick, fundi wa boti kutoka Tanga. Maji yakijaa tunaelea, yakipwa boti zinakaa kwenye tope, na tumeshazoea kunywa chai sakafu ikiwa upande.

Mpango wenyewe ulikuwa huu: wiki nzima mimi na Mudrick tusimsemeshe wala tusipokee simu yake, adhani kuna jambo, halafu Ijumaa baada ya Alasiri tumtokee na keki atakayoileta Ahlam. Mimi nina hasira za karibu, kwa hiyo kununa hakukunipa taabu. Jumanne alinipigia hodi na samaki mkononi, nikajifanya nimelala. Nilimchungulia dirishani akiondoka na samaki wake, na nusura nicheke kwa sauti.

Ijumaa asubuhi niliwasha jenereta, nikabandika karai la sambusa. Jenereta langu lina kelele, mtu akiita nje humsikii. Boti ya Sleyum iko baada ya kona, imezibwa na boti moja mbovu ya wavuvi, kwa hiyo kumwona pia simwoni.

Saa tatu u nusu simu ikalia. Ni Sleyum. Niliitazama inavyotetemeka juu ya unga, nikasema peke yangu, leo utakoma. Saa nne na robo ikalia tena, mara mbili mfululizo. Nikaigeuza kifudifudi, nikaendelea kukunja sambusa.

Ahlam alifika kabla ya saa tano, abaya limejaa vumbi la njia.

"Shikamoo, ammah."

"Marahaba. Ingia upesi, babako asikuone."

Akaniambia keki ameichukua njiani, mjini Ibra, ameiacha garini na eisi inawaka, kuna kivuli pale. Nikamuuliza kama si bora tuilete ndani.

"La, bado mapema, ammah. Baba katuma sauti asubuhi, kasema anashuka chini ya boti saa tatu. Mpaka amalize sisi tumetayarisha kila kitu, wallah."

"Saa tatu ipi?"

"Thalatha. Alasiri hii."

Nilikunja sambusa moja nyingine. Ya pili ikanishinda. Alasiri ya siku ile maji yalikuwa yanajaa pomoni, na hakuna mtu anayeshuka chini ya boti maji yakiwa yamejaa. Kazi ile husubiri yapwe. Boti ikishakaa kwenye tope, unaiegemeza kwa magadi, yale magogo mawili ya ubavuni, isilale, ndipo unaingia chini kuparura magamba ya baharini. Asubuhi ile maji yalipwa saa tatu. Saa tatu yetu.

"Hebu niwekee hiyo sauti," nikamwambia.

Akaiweka. Sauti ya Sleyum ilikuwa ya chini, ya mtu aliyelala vibaya.

"Ahlam mwanangu, nashuka chini ya boti saa tatu, maji yakishapwa. Ikifika saa nne sijakupigia, mpigie shangazi yako Ghalia aje anitazame. Simu yangu mimi hapokei siku hizi. Yako atapokea."

Ahlam kazaliwa Nizwa, kasoma Nizwa, Kiswahili chake ni cha kuokoteza kwa babake na kwangu. Tatu anajua ni thalatha. Kwamba sisi saa zetu tunaanza kuzihesabu jua likichomoza, hakuna aliyemfundisha. Mimi niliyemcheka miaka yote kwa "kiti hii" na "maji hii" sikumfundisha.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasoro dakika tano.

Nilizima jenereta nikatoka, nikaita jina lake. Nikamwita Mudrick, naye akatoka na koleo mkononi kabla sijamaliza kueleza. Tulipita ukingoni, mimi na magoti yangu haya, Ahlam mbele akimwita babake kwa Kiarabu.

Gadi la upande wa pili lilikuwa limeteleza, boti imelala, na mguu wa Sleyum uko chini yake, umedidimizwa topeni mpaka juu ya goti. Yeye amejiinua kwa viwiko, maji yamemfika kifuani. Midomo ilikuwa imempauka. Aliniona, akafumba macho, akafumbua tena.

Mudrick aliingia majini akapapasa ubavu wa boti. Akaweka kiganja mahali fulani. "Maji yakifika hapa itaelea yenyewe," akasema. Kiganja chake kilikuwa juu kupita kichwa cha Sleyum, na sote tuliona, hata Sleyum.

Nilikaa topeni nyuma yake nikampakata, nikamshika kidevu kukiinua. Mudrick akachimba chini ya mguu. Kila koleo moja alilotoa, tope likarudi kujaza pale pale. Alitupa koleo akachimba kwa mikono, na maji yakafika shingoni kwa Sleyum. Niliogopa kama sijawahi kuogopa, na hasira yote niliyonayo haikuwa na mtu wa kumwangukia ila mimi.

"Ahlam, lete gari ukingoni," Mudrick akasema. "Funga kamba nyuma, nami nitaifunga kwenye mlingoti. Uvute taratibu. Ukiachia, boti itamrudia."

Yule mtoto alikwenda mbio bila viatu. Kamba ilipofungwa Mudrick akarudi kwenye mguu, kwa hiyo wa kumpa Ahlam ishara nilikuwa mimi. Mkono mmoja kidevuni kwa Sleyum, mmoja juu. Maji yalikuwa yameshaingia masikioni mwake. Hata kama ningesema naye asingenisikia. Nilisoma dua ninayoijua, nikashusha mkono.

Kamba ikakaza. Boti ikalia mbao zote, ikainuka kidogo, ikasita. Maji yakamfika Sleyum mdomoni, akafunga mdomo, akavuta pumzi kwa pua. Ahlam akaongeza kidogo sana. Mudrick akatia bega chini ya mbao, akauvuta mguu kwa mikono miwili, na Sleyum akapiga kelele ambayo maji yaliimeza nusu. Kisha akaja mwili mzima juu ya mapaja yangu.

Tulimlaza ukingoni. Mguu umevunjika, lakini upo. Mudrick akapiga simu kuita gari la wagonjwa. Ahlam alikaa chini amemshika babake mkono, anarudia kwamba hakujua, hakujua, na Sleyum anamwambia maalesh, si neno, binti yangu, maalesh. Nilimfunika kwa kitambaa cha meza nilichokuwa nimekipiga pasi kwa ajili ya keki yake.

"Leo siku yako ya kuzaliwa," nikamwambia. "Tulikununia makusudi. Tulitaka kukushtukiza."

Alikivuta kile kitambaa hadi kifuani.

"Kumbe hukununa," akasema.

"Kwa nini hukupiga polisi, Sleyum?"

"Kioo kilijaa tope, hakishiki kidole. Kilikubali kurudia namba ya mwisho tu, nayo ni yako." Akapumua. "Ya kwanza nilitaka msaada. Nikasema basi, saa nne Ahlam atakupigia. Saa nne ikapita. Zile mbili za mwisho nilitaka radhi tu."

"Radhi ya nini?"

"Sijui. Wiki nzima nimefikiri nilichokukosea, sikukipata. Nikasema nitakuomba hivyo hivyo, nisife na kinyongo chako."

Nilimfuta tope usoni kwa ncha ya kanga yangu, nikamshika kichwa, nikamuomba yeye radhi mara tatu, moja kwa kila simu.