Kifusi cha Abdelbagi

Vita vilipoukaribia mto, Dokta Sulafa, mwanaakiolojia, alikimbilia Misri na madaftari ya uchimbaji tu. Lori halikuwa na nafasi zaidi. Vyungu, shanga na sanamu ya malkia aliviacha ghalani, mikononi mwa Abdelbagi, msimamizi wa wachimbaji. Na chungu bila daftari ni kigae, daftari bila chungu ni porojo. Kila mtu wa kazi hiyo anajua.

Miaka miwili baadaye alirudi, akakuta ghala halina hata mlango. Abdelbagi alikuwa amekufa kwa homa. Wapiganaji walikuwa wamechimbua sakafu, bustani, mpaka choo, wakitafuta dhahabu, wasipate kitu. Sulafa aliketi kwa mjane, Hajja Batoul, akaona kazi yake ya miaka kumi na mmoja imekwenda na maji.

"Nisamehe kwa kikombe hiki cha bati," alisema Batoul akimimina chai. "Glasi ya marehemu, ile ya ukingo wa dhahabu, alitoka nayo siku moja, asirudi nayo. Nikimuuliza ananiambia niache umbea."

"Hakuniachia neno, Hajja?"

"Kakuachia kejeli. Alisema, mwambie dokta kifusi chake hakikuchekechwa sawasawa. Arudie."

Sulafa alicheka, machozi yakamtoka. Hiyo ndiyo ilikuwa mizaha yao: "Macho ya chuo kikuu hayaoni shanga," Abdelbagi alikuwa akimwambia mbele ya vibarua wote. Halafu kikombe kikamsimamia mdomoni. Kifusi ni udongo uliokwisha kuchekechwa, lundo nyuma ya shimo. Mwizi hakigusi, msomi hakigusi, maana kila mtu anajua hakina kitu.

"Hajja, una hakika alisema kifusi?"

"Nimezeeka miguu, masikio bado."

Walichimba wote wawili, mjane kashika chekeche. Kwa kina cha mkono zikatokea shanga za kaburi la juu. Chini yake mabakuli mekundu. Sulafa alifungua madaftari, akalinganisha. Ukurasa kwa ukurasa, tabaka kwa tabaka, udongo ulikuwa unamjibu. Abdelbagi hakuvificha tu. Alivirudisha kila kimoja juu ya mwenzake, kama ardhi ilivyovilaza miaka elfu tatu. Na mtu yule hakujua kusoma hata jina lake. Sulafa alipiga magoti mchangani, akajiona mdogo, mdogo kabisa.

Siku ya tatu alitoka malkia, mzima, kafunikwa kilemba cha Abdelbagi. Chini yake, mwisho kabisa, kulikuwa na glasi ya chai yenye ukingo wa dhahabu.

Mchimbaji akifukia shimo huacha chini kitu cha siku zake, sarafu au kizibo cha soda, ili wa baadaye wajue nani alifika hapo, na lini.

"Ndiyo yenyewe," alisema Batoul taratibu. "Mshenzi yule. Nimeitafuta mwaka mzima."

"Ichukue, Hajja. Ni yako."

Batoul aliifuta kwa ncha ya nguo yake, akaitazama sana, akamrudishia. "Kaiweka mwenyewe. Iandike."

Sulafa aliandika daftarini namba iliyofuata: glasi ya chai, mwenyewe Abdelbagi, msimamizi. Batoul aliuliza jina la mumewe liko wapi. Akaonyeshwa, akaweka kidole chake hapo, asikiondoe mpaka chai waliyokuja nayo ilipopoa.