Baiskeli Isiyojua Kuamkia

Siku hizi barabara ya Ukunda ni pikipiki tupu, honi na moshi, na mtu akikupita hujui hata kama alikuwa na uso. Mwishoni mwa miaka ya tisini hatukuwa hivyo. Mwenye baiskeli ulimjua kwa kengele yake kabla hajafika, na Kitsao alijulikana tangu Diani mpaka Msambweni.

Kazi yake ilikuwa kubeba picha. Watalii wa wakati ule walipiga picha kwa filamu, na filamu lazima isafishwe. Asubuhi Kitsao alizunguka hotelini akizikusanya, akazipeleka kwenye duka la picha pale Ukunda, na alasiri akawarudishia wenyewe picha zao kabla basi la uwanja wa ndege halijaondoka. Baiskeli yake ilikuwa blakmamba, kile chuma kizito cha gia moja, chenye karia pana ya mizigo nyuma na friwili iliyoacha gurudumu lijiendee lenyewe na kulia titititi kila ulipoacha kukanyaga. Ah, ile titititi! Ndiyo ilikuwa mapumziko yake. Akifika kwenye mteremko miguu inatulia, upepo unaingia shatini, naye anapiga mluzi.

Kwenye mteremko wa Mwabungu, kando kabisa ya barabara, aliishi Mzee Shutu, msukaji wa makuti. Alisuka mbele ya ua wake, akiwatazama wapita njia mmoja mmoja. Mzee huyu alikuwa na binti, Jumwa, na Kitsao alikuwa amekufa ameoza kwa Jumwa. Wazee wa kwao Kitsao walikuwa wamekwisha kukubaliana kwenda kuposa Jumapili.

Sasa, mbele ya mtu utakayemwita mkwe hupiti umekaa juu ya baiskeli, hata uwe na haraka gani. Unashuka ukiwa mbali, unaikokota, unasimama, unaamkia. Unaulizwa habari za nyumbani na za kazi, unajibu, kisha unakokota tena mpaka umeupita ua ndipo unapanda. Kitsao hakuwahi kuliruka hilo hata siku ya mvua.

Basi huo ulikuwa mwaka wa tisini na nane. Watalii walikuwa wamepungua mno kwa sababu ya vurugu za mwaka uliotangulia, na hoteli zilikuwa zikifunga vyumba. Austine, kijana wa kutoka Kisumu aliyetunza bwawa la kuogelea katika hoteli moja, alimwita Kitsao nyuma ya jikoni.

"Buda, cheki hii mashine," akasema. "Mzungu wangu ameniachia. Anasema harudi tena. Mimi nitaifanyia nini? Chukua, uwe unaenda nayo job."

Ilikuwa baiskeli ya mashindano, ya kukimbizwa katika uwanja wa mviringo huko kwao. Kwa macho ungesema ni ndugu ya blakmamba: gia moja, mnyororo mmoja. Lakini hii uliinyanyua kwa vidole viwili. Haikuwa na karia, haikuwa na kengele wala madigadi. Breki haikuwa nayo! Na friwili pia hakuna: gurudumu la nyuma na pedeli vimefungwa pamoja, hiki kikizunguka na kile kinazunguka. Kuipunguzia mwendo ni kuikazia miguu kidogo kidogo, tangu mbali.

"Mbona haina breki?" Kitsao akauliza.

"Huko uwanjani wote wanaenda upande mmoja. Utasimama umsalimie nani?"

Kitsao alicheka. Akaijaribu asubuhi moja tu kwenye barabara tambarare ya hotelini, akajiona ameiva. Ujana na kiburi chake, tumwachie Mungu.

Alhamisi ya wiki ile ile ya posa akapewa bahasha za picha za wageni wa Msambweni, na wageni walikuwa wanaondoka mchana huo. Akavaa mkoba mgongoni, akaichukua baiskeli ya mzungu. Wallahi, ilikwenda! Nguzo za simu zilimpita mbiombio, na alipokuja kuinua macho, huo hapo mteremko wa Mwabungu, na huyo hapo Mzee Shutu anasuka makuti na wageni wawili ubavuni.

Miguu ya Kitsao ilikuwa na miaka sita ya blakmamba ndani yake. Ikafanya ilivyozoea: ikatulia. Lo! Pedeli zikamrusha juu ya kiti. Mikono ikatafuta breki, hamna. Akainua miguu yote miwili kuiokoa na pedeli, nazo pedeli zikazidi kuzunguka zenyewe, na hivyo ndivyo Kitsao alivyompita mkwe wake, amepanua miguu kushoto na kulia, shati limejaa upepo.

"Shikamoo babaaa!" akapiga kelele. Alikuwa ameshafika darajani, chini ya mteremko.

Kesho yake Jumwa alimfuata dukani Ukunda, macho mekundu.

"Umemfanyia nini baba? Anasema wazee wenu wasije. Anasema umempita mbele ya wageni umetanua miguu kama chura."

"Haikusimama, Jumwa. Ile baiskeli haisimami."

"Baiskeli gani haisimami? Nikamwambie baba maneno hayo anicheke?" Akajifuta uso kwa ncha ya leso. "Mimi nakutaka, Kitsao, hilo unalijua. Lakini kwetu sitatoka kwa mlango wa nyuma. Ukishindwa kwa baba, umeshindwa na kwangu."

Kitsao aliogopa kweli. Hakulala vizuri, hakula vizuri, na Jumamosi aliikokota ile baiskeli kwa miguu kutoka Ukunda hadi Mwabungu.

"Shikamoo baba."

Mzee Shutu alivuta kuti lingine, hakuitikia. Kitsao akaamkia tena, kimya. Akabaki amesimama juani anaeleza habari za friwili na pedeli, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia mwongo.

"Mimi," Mzee akasema mwishowe, "nimebeba samaki kutoka Gazi kwa baiskeli kabla mama yako hajaolewa. Hakuna baiskeli inayomkataza mtu kutuliza miguu. Lete hapa."

"Baba, usipande!" Jumwa akapiga ukelele kutoka uani.

Alikwisha kupanda. Akakanyaga mara tatu, mteremko ukampokea, naye akatuliza miguu kama alivyoituliza maisha yake yote.

Na nani alikuwa anapanda mteremko, kapu la mihogo kichwani? Bi Mapenzi, mama mzaa mke wake! Mama ambaye Mzee Shutu hakuwahi kusema naye bila kuvua kofia na kuinamisha macho. Alimpita kikoi kikipepea, miguu huku na huku, akilia, "Mama, niwie radhi!" mpaka akaingia kwenye majani ng'ambo ya daraja.

Kitsao alifika mbio akamwinua. Hakuumia, ila alikuwa amechubuka viwiko.

"Ameniona?" Mzee akanong'ona.

"Amekuona, baba."

"Miguu ilikuwaje?"

"Ilipanuka, baba."

Mzee alifumba macho. Bi Mapenzi alikuwa ameshageuka anawajia, pole pole, na Mzee Shutu akapiga magoti pale pale kwenye majani.

"Shutu, umenikimbia au umenichezea?"

"Ni baiskeli, mama. Haisimami."

"Ndiyo hii aliyokupita nayo huyu kijana?"

"Ndiyo hii."

"Na posa yake umeikataa." Bi Mapenzi akalitua kapu. "Haya. Kama yeye kwa hilo hafai kupewa mke, na wewe nirudishie binti yangu."

Kitsao alitazama chini, maana angecheka angekosa yote. Mzee aliinuka akajikung'uta majani. Kisha akasema, bila kumwangalia Kitsao, "Jumapili waje." Na baadaye, walipokuwa wakiikokota baiskeli kupandisha mlima, mmoja huku na mmoja huku, akaongeza, "Ile shikamoo yako ya Alhamisi niliisikia. Marahaba."

Baiskeli ile haikupandwa tena. Mzee aliiomba akaitundika ukutani barazani, na kila mgeni alihadithiwa, na kila mara mteremko ulizidi kuwa mrefu. Kitsao alirudi kwa blakmamba yake mpaka filamu zenyewe zikaisha duniani, na duka la picha likawa la kuuza simu.

Sasa ana pikipiki, anabeba abiria. Mzee Shutu amekwisha kuzikwa, na mahali pake pa kusukia makuti pameota nyasi. Lakini akifika Mwabungu, Kitsao huzima injini, hushuka, huanza kukokota.

"Imeharibika?" abiria huuliza.

"Haijaharibika."

Hukokota mpaka mbele ya ua, akasimama, akasema shikamoo baba. Kisha hungoja kidogo, kiasi cha mtu kuitikia, ndipo akaendelea.