Ukuta wa Benchi

Jumanne saa mbili asubuhi Nyiramana aliketi kwenye benchi la kituo cha afya, Kavimvira. Kulia kwake alikaa binti yake Gisubizo, mwenye miaka saba. Kushoto, chupa ya mayonezi yenye mkojo wa mtoto. Miguu ya Gisubizo ilijaa madoa mekundu. Daktari mmoja aliyepita mtaani alisema mishipa yake ya damu imevimba kwa ndani. Madoa yataondoka yenyewe, alisema, ila mkojo upimwe kila wiki kwa miezi sita, kwa sababu ugonjwa huu huhamia kwenye figo kimyakimya.

Muuguzi Révérien alipowaita mezani, madoa yalishuka miguuni, yakavuka sakafu kama siafu, yakapanda ukuta wa nyuma ya benchi na kutulia hapo. Révérien alisubiri yamalize kupita, kisha akaitazama miguu ya mtoto. Ilikuwa safi. Akaandika «guéri», amepona, kwenye rejista, kwani kwake ugonjwa usioonekana umekwisha.

«Muganga, na mukojo?» Nyiramana akauliza. «Docteur alisema bapime, hata madoa ikiisha.»

«Bandelettes ya kupima mukojo iko ya bamama ba mimba.»

«Miye naomba moja tu.»

«Muko ba wapi, mama?»

«Tunakaa hapa Kavimvira.»

«Mbele ya kuja hapa?»

«Mulenge, kule milimani.»

«Basi mupeleke mukojo yenu kule juu.»

Watu kwenye foleni walicheka, hata wale waliokuwa na homa. Nyiramana alirudi nyumbani na chupa yake. Kila Jumanne alikuja tena, na kila Jumanne alijibiwa vilevile, huku mkojo ukizidi kukolea rangi.

Wiki ya tatu ukuta ulianza kuvimba asubuhi na kunywea jioni. Wiki ya tano ulitoa maji ya rangi ya chai iliyolala. Hapo Révérien alihangaika kweli, na hilo ndilo gumu kumsamehe: kumbe kuhangaika alijua. Alikinga maji yale kwa kikombe, akafungua droo, akachovya bandelette. Damu, misalaba mitatu, kipimo cha juu kabisa. Protini, misalaba mitatu. Akaufungulia ukuta fishi, kadi ya mgonjwa: umri, miaka kumi na miwili, makazi, Kavimvira. Wakubwa wake walikuja na gari, wakaupima presha, wakauandikia dawa. Fundi aliipaka kwa brashi asubuhi na jioni, hakusahau hata siku moja.

«Ukuta munapima, mutoto hapana?» Nyiramana aliuliza.

«Ukuta iko ya hapa,» Révérien alisema, akiendelea kuandika.

Mwezi wa nne tangu madoa yahame, ukuta ulinywea, madoa yakafifia. Wagonjwa waliupitia wakiusalimia. Kituo kikasifiwa kwa kuwahi.

Jumanne moja ya mwezi huo Nyiramana aliingia na Gisubizo mgongoni, ingawa ni mtoto mkubwa, kwa sababu viatu havikumwingia tena. Uso ulikuwa umevimba hadi macho yamebaki mistari miwili. Mkojo wa siku nzima haukufunika hata kitako cha chupa. Mama alimkalisha kwenye benchi, na mtoto, kwa kuchoka, akaegemeza kichwa ukutani.

Révérien aliinua macho kutoka kwenye rejista.

«Mama, ondosha mutoto pale,» alisema. «Anasumbua mugonjwa.»