Usukani Uliogoma Kukaa Sawa

Gari jeupe la mkurugenzi lilitoka kwenye mashine ya alaimenti, ile ya kunyoosha magurudumu, asubuhi likiwa limekaa sawa kila mahali isipokuwa usukani. Dereva alilizungusha mtaani, akarudi, akashusha kioo. Gari lilikwenda moja kwa moja bila kuyumba, alisema, lakini usukani ulilalia kushoto kama shingo ya mtu aliyelala vibaya.

"Bosi hatalipokea hivi," alisema. "Yule hata kalamu mezani ikikaa upande anaita mtu."

Fundi hakubisha. Gereji nzima ilimwita Nyoosha, na jina hilo hakuliokota. Kazi yenyewe ni ya kawaida: unauweka usukani wima, unaubana na chuma usicheze, unaingia chini ya gari, unalegeza tairodi ya huku, kile chuma kinachogeuza gurudumu, na kukaza ya kule kwa kiasi kile kile. Mvivu huufungua usukani wenyewe na kuuchomeka upya ukiwa wima, machoni pakapendeza na chini pakabaki vilevile. Nyoosha aliwahi kugombana na fundi mwenzake kwa ujanja huo mpaka yule akahama gereji, na hakujuta.

Alifanya kazi yake, usukani ukakaa sawa. Alipotoka chini ya gari akifuta mikono, usukani uligeuka polepole, peke yake, ukalalia kushoto. Akarudi chini. Ukalala tena. Mchana waligeuza gari kupisha lori, na safari hii usukani ukalalia kulia.

"Basi si tairodi," alisema Kipara, fundi umeme wa gereji hiyo, ambaye hakosi neno. "Hili linaangalia mahali." Alisimama nyuma ya gari, akafumba jicho moja, akafuata mwelekeo kwa kidole: ukuta wa gereji, duka la rangi, mnara wa maji. Kidole kikasita. "Kaka, hili linaangalia kwako."

Ilikuwa kweli. Nyuma ya mnara wa maji palikuwa na nyumba ya Nyoosha, na dirishani alikaa mkewe.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Msimu wa mvua uliopita alikuwa akivuka barabara na nguo za mteja mkononi, gari jeupe likamgonga na kwenda zake. Hakuona namba wala uso. Mguu wa kulia, ambao ndio aliokuwa akiutegemea kwenye cherehani, haukurudi kuwa mguu, na cherehani ikafunikwa shuka. Watu walimwambia ashukuru yu hai, naye alishukuru. Lakini kila siku alimrudia mumewe neno lile lile: hataki kesi, hataki mtu afungwe. Anataka mwenye gari ashuke, asimame mbele yake, aseme ni yeye. Basi.

Nyoosha alimuuliza dereva kama gari liliwahi kupata ajali. Dereva aliangalia viatu vyake.

"Wakati wa mvua lilibadilishwa taa na boneti," alisema. "Siku lilipoharibika aliendesha bosi mwenyewe, mimi nilikuwa likizo. Fundi, mimi nina watoto. Sijakwambia kitu."

Wakalitoa barabarani kulijaribu. Kwenye njia panda dereva alikata kulia, gari likakata kushoto. Lilipita duka la rangi, likauzunguka mnara wa maji, likaingia kwenye uchochoro usiotosha hata mkokoteni, na kuta zikasogea kidogo kulipisha. Lilisimama chini ya dirisha likajizima. Mkewe Nyoosha aliinama, akalitazama taa hadi taa.

"Ndilo," alisema. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Ofisini, shemeji," alijibu dereva.

"Atakuja. Mume wangu, toa kiti nje. Akishuka asikose pa kukaa."

Nyoosha akatoa kiti, kile kizuri chenye mto. Alipokwisha kulitazama gari, mkewe alijiegemeza, na injini ikawaka.

Afisa wa trafiki alipatikana bila shida, kwa kuwa naye alikuwa na gari gereji. Alimsikiliza Nyoosha mpaka mwisho. Akaamuru gari jeupe ligeuzwe huku, ligeuzwe kule, na kila mara usukani ulirudi upande wa mnara.

"Linaelekeza vizuri," alikiri. "Ila kuelekeza si ushahidi. Niletee mtu aliyeona."

"Gari lenyewe liliona, afande."

"Gari haliapi," alisema afisa, akaulizia breki zake.

Kesho yake mkurugenzi alipiga simu, akamwambia mwenye gereji kwamba analitaka gari lake siku hiyo hiyo, na usukani uwe umenyooka. Hakupandisha sauti. Kiwanja cha gereji kilikuwa cha kampuni yake, na mwenye gereji alikuja kusimama karibu na Nyoosha, mikono nyuma.

"Ndugu yangu, najua," alisema. "Lakini sisi sote hapa tutakwenda wapi?"

Nyoosha alikuwa na hasira ya kuvunja kioo, na chini ya hasira palikuwa na aibu, maana alikwishajua atafanya nini. Kipara alijitia kutafuta waya. Nyoosha akaingia ndani ya gari, akafungua nati, akaung'oa usukani, akauchomeka upya ukiwa wima, akakaza. Ulibaki wima. Magurudumu ndiyo yaliyoendelea kutazama kule kule.

Tangu hapo, kila alasiri mkurugenzi anapotoka kazini, gari hupitia kwanza kwenye uchochoro. Dereva haulizi tena. Huachia usukani, hukunja mikono, na wakifika chini ya dirisha husalimia. Kiti huwa kimeshatolewa, kimefutwa vumbi. Mkurugenzi hukaa nyuma, vioo vimepandishwa, na hutumia nafasi hiyo kupiga simu zake.

Siku moja simu yake iliisha chaji. Alitazama nje, akashusha kioo kiasi cha vidole viwili. Nyoosha alikuwa mlangoni. Mkewe alikuwa dirishani, amekishika kizingiti chake kwa mikono yote miwili asianguke.

"Anaumwa nini huyu mama?" aliuliza mkurugenzi.

Dereva alijibu akitazama mbele. "Aligongwa na gari, bosi. Halikusimama."

Mkurugenzi alimtazama mama dirishani, akakitazama na kiti. Alikitazama kiti kwa muda.

"Pole sana, mama," alisema. "Watu siku hizi hawana utu kabisa." Kisha akamwona Nyoosha. "Wewe ndiye fundi? Usukani umenyooka safi. Hongera."

"Asante, mzee," alisema Nyoosha. Neno lilimtoka kabla hajalizuia, na lingekuwa kipande cha chuma angelirudisha kinywani akalitafuna.

Kioo kikapanda. Injini ikawaka, kuta zikasogea, gari likarudi nyuma taratibu.

Mkewe alibaki akiangalia mpaka mdomo wa uchochoro ukawa mtupu.

"Kiingize ndani, mume wangu, hii ni dalili ya mvua," alisema. "Kesho tutakitoa mapema."