Shati la Mwanagenzi

Shati lilikuwa limetundikwa kwenye kitasa cha mlango, likapigwa picha hivyo hivyo, kola yake imelala upande kama mtu aliyesinzia mkutanoni. Mama Mkasi aliiona picha hiyo saa nne asubuhi, pini nne mdomoni na suruali ya mteja mapajani, na kicheko kikamtokea puani, maana mdomo haukuwa na nafasi.

Jina hilo la Mama Mkasi alipewa na wanachama wa jukwaa la mafundi cherehani, maelfu ya watu waliokutana mtandaoni bila kujuana sura, ambao yeye alikuwa msimamizi wao kwa mwaka wa tatu sasa. Matusi aliyakata papo hapo, hana mchezo. Utani wa kazi aliuachia, na kanuni yake aliitunga mwenyewe: kuicheka nguo ruksa, kumcheka aliyeishona marufuku. Yaliyobaki waliamua wanachama kwa kura za kidole gumba, juu au chini. Chapisho likifikisha vidole ishirini vya chini lilijikunja lenyewe, lisionekane tena mpaka msimamizi alikunjue. Hakuwahi kukunjua hata moja. Alijivunia hilo, na kusema kweli alijivunia kupita kiasi.

Aliyeleta shati alijiita Mwanagenzi. "Naomba maoni," aliandika. "Nimekosea wapi?"

Wakamvamia. "Hiyo kola au sikio la mbuzi?" "Mvaaji atembee kichwa upande, mambo yatakaa sawa." "Limeshonwa kwa mkono wa kushoto hilo, tena gizani!" Mama Mkasi aliyapitia maoni kadhaa ya mwanzo. Hakuna aliyemtukana mtu. Wote walilicheka shati. Kura za chini zilikuwa kumi na tisa. Akatema pini, akabonyeza ya ishirini, picha ikajikunja, naye akarudi kwenye suruali yake.

Jioni alikuta ujumbe wa faragha. "Bi Msimamizi, samahani kwa usumbufu. Nimevunja kanuni gani?" Alikuwa na jibu alilowawekea walalamikaji wote, akalituma bila kuongeza hata nukta: "Hujavunja kanuni. Wanachama wamepiga kura. Jitahidi."

Jumamosi alikwenda kwa dada yake, kama alivyofanya kila Jumamosi tangu kiharusi kilipompooza dada huyo mkono wa kulia, mwaka mmoja nyuma. Dada ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na ndiye aliyemfundisha kushika sindano. Alimkuta chumbani, ameketi mbele ya cherehani yake ya zamani, akiivua uzi kwa mkono wa kushoto.

"Kesho anakuja mtu kuichukua," dada alisema.

"Kuipeleka wapi?"

"Kwake. Mimi ya nini tena?"

Mama Mkasi aligeuka kutafuta pa kuweka mkoba, na hapo akaliona shati mlangoni. Ile kola. Akakaa kitandani kabla ya kukaribishwa.

"Dada, ni wewe?"

"Mimi nani?"

"Mwanagenzi."

Dada yake alicheka kidogo, kicheko cha upande mmoja wa uso. "Miezi mitano nimejifunza kukata kwa kushoto. Wewe kila nikikuonyesha tambara unasema zuri, zuri, mpaka nikachoka. Nikaona niwaulize wasionijua."

"Ungeniambia, Dada! Ningejua ni wewe, nisinge..."

"Najua. Ndiyo maana sikukwambia." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililouma. "Ulinijibu kwa haki, mdogo wangu. Hata mtu baki ungemjibu vivyo hivyo."

Mama Mkasi alitaka kulia, aibu ikamzuia. Kweli, watu baki alikuwa amewajibu vivyo hivyo. Miaka mitatu alizilinda kanuni zake kama mboni ya jicho, na sasa, akijaribu kumkumbuka hata mmoja wa wale waliokunjwa, hakumpata. Alijichukia pale alipokaa.

"Nisomee yaliyobaki," dada alisema. "Mimi niliishia la nne, macho yakakataa. Kuna aliyesema chochote juu ya mfuko?"

"Mfuko gani?"

"Wa kifuani. Nimeushona nikaufumua mara kumi na moja. Wa kumi na mbili ukakaa."

Alilitazama shati upya. Mfuko ulikuwa umenyooka, pembe zake zimekaza, mistari ya kitambaa chake imekutana na mistari ya shati bila kupishana hata kidogo. Mfuko wa namna hiyo humtoa jasho yeye mwenye mikono miwili. Siku ile hakuuona kabisa. Akatoa simu, akalikunjua chapisho, akaanza kusoma kimoyomoyo huku akishuka. Maoni sitini na mawili. Kola, mbuzi, kola, gizani, kola. Alifika mwisho, akapanda juu, akashuka tena.

"Yupo?" dada aliuliza.

"Yupo mmoja."

"Anasemaje?"

"Anasema mfuko umekaa. Anasema mistari imekutana, na kwamba hata yeye, pamoja na ufundi wake wote, hupata tabu nayo."

Dada yake alimtazama kwa muda mrefu, kama alivyomtazama zamani alipodai ameshanawa miguu na shuka zikasema vingine.

"Anaitwa nani huyo?"

Mama Mkasi aliinamia simu, akatafuta jina lolote la kumpa, asilipate.

"Basi," dada alisema taratibu, "mwambie nimeshukuru." Akaigeukia cherehani, akaendelea kuivua uzi.