Kinywa cha Mama Kwenye Filamu Bubu

Kinywa cha mama kilifunguka kwenye televisheni, sauti isitoke. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, kitambaa kichwani, mitambo ya kufumia imepangana nyuma yake hadi mwisho wa ukumbi. Alimwelekea shoga yake Clarice, akasema maneno machache, kisha wote wawili wakaigeukia taa ya mpiga picha wakicheka.

Binti aliyetumwa na kituo cha televisheni alisimamisha kanda. "Huyu ni wewe, Bi Hartley?"

Mama, sasa mwenye miaka sabini, alisema ndiyo. Hakunitazama.

Nilikuwa nimeshaisoma midomo yake. Mimi pia nilifuma miaka sita katika kiwanda kile, na kelele zake zilitufundisha sote kusema kwa midomo na kusikia kwa macho. Mama alimwambia Clarice: Nina mimba, na si ya Wilf.

Wilf ni baba. Filamu ilipigwa mwaka 1936, wiki tatu kabla ya harusi yao. Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata, na hawakupata mtoto mwingine.

Kipindi kilihusu maisha ya wafanyakazi wa pamba wa zamani, nacho kingeonyeshwa Jumanne baada ya chakula cha jioni. Pale mjini walibaki wachache wanaojua kusoma midomo. Baba, aliyekuwa fundi wa mitambo kiwandani humo miaka arobaini, aliwashinda wote. Enzi zake wanawake walifunika vinywa akipita.

Nilipiga simu kituo cha televisheni, Manchester, nikaomba kipande kile kiondolewe.

"Kina kosa, mama?" aliuliza aliyepokea.

"Hapana."

"Basi sababu ni nini?"

Niliikata simu.

Mama na mimi hatukulizungumza. Mara moja tu, tukiosha vyombo, alisema, "Labda atasinzia." Lakini baba alikwisha kutangaza mtaa mzima. "Nimeoa nyota wa filamu," alimwambia muuza nyama. "Kuanzia wiki ijayo, ukitaka kumsalimu unapitia kwangu."

Baba alipokata mkate niliitazama mikono yake, kisha yangu, nikaificha chini ya meza. Nilikuwa na miaka arobaini na saba, na usingizini nilimwona akinipita barabarani kama mtu asiyenijua.

Asubuhi ya Jumanne nilichomoa waya wa antena nikauvunja ncha. Baba aliutengeneza kwa dakika tano, huku akipiga mluzi.

Jioni akasogeza kiti chake karibu na kioo. Wakaonyesha mabomba ya moshi, watoto waliovaa viatu vya mbao, na mwishowe ukumbi wa mitambo. Mtangazaji, kwa lafudhi ya watu wa kusini mwa Uingereza, alisema, "Wanawake hawa walizungumza nini, hatutajua kamwe."

Kinywa cha mama kilifunguka. Pembeni yangu mwenyewe alikuwa na kikombe chake cha chai mkononi. Sikuitazama picha, nilimtazama baba. Mwanga wa kijivu ulicheza usoni pake na uso haukubadilika. Picha ikahamia sokoni.

"Mpiga picha wamemtaja," alisema. "Aliyeshika taa hawakumtaja."

Aligeuza kiti chake kutuelekea.

"Ilikuwa nzito taa ile, na moto kama tanuri. Nilisimama nayo ubavuni mwa yule bwana mchana kutwa." Akamwonyesha mama kwa kidevu. "Huyu ilimpiga machoni, hakuniona. Mimi nilimwona."

Mama alikiweka kikombe sakafuni, polepole, kwa mikono miwili.

"Freda," baba akasema, "chai imebaki, mwanangu, au mmeimaliza nyie?"

Nilimmiminia.

Mama alitangulia kufariki. Baba tumemzika Februari hii. Ofisini kwa msajili wa vifo walinipa fomu, na palipoulizwa uhusiano wangu na marehemu kalamu ilisita kidogo, kwa kuwa mkono ulikuwa na baridi. Nikaandika: binti.